Kelele ya Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Wazo zuri.

Jana Baba mkwe alipotea tena jukwaani. Wimbo wa tatu, aliingia kabla ya wenzake, akafika kwenye kiitikio peke yake kama mtu aliyewahi mkutanoni na kukuta mlango umefungwa. Halafu kelele! Gitaa lake lilifunika hata drams. Hii ni Jumapili ya pili mfululizo. Mama mkwe hakuwepo kushuhudia, ana kikohozi cha wiki mbili. Afadhali.

Leo Kiongozi wa bendi ameniita mimi, fundi wake wa sauti, pembeni, nyuma ya stoo ya vyombo. Amesema Mzee ameitumikia bendi miaka thelathini na mitano, hakuna asiyejua. Lakini Jumamosi tunapiga kwenye maadhimisho ya chama cha mafundi cherehani, ukumbi utajaa, na akipotea tena atapewa ngao ya shukrani na cheo cha mshauri. Mshauri! Maana yake akae nyumbani na aalikwe siku ya kupiga picha.

Mpiga kinanda tayari anajua. Ana shemeji yake mwenye gitaa jekundu. Nimesikia ameshaambiwa apige pasi shati.

Nikamwambia Kiongozi tatizo si Mzee. Tatizo ni ile spika ya sakafuni, inayompigia sauti miguuni ilhali masikio yako kichwani. Nikamwahidi visikilizi vya kuvaa masikioni. Tena stereo! Gitaa lake upande mmoja, bendi upande wa pili, kila kitu mahali pake. Nipe nusu saa tu, nikamwambia. Kiongozi akasema nina mpaka Jumamosi.

(Bendi nzima huniita Bwana Nusu Saa. Sijali. Mti wenye matunda ndio hupigwa mawe.)

Humu niseme ukweli, maana hakuna anayesoma. Sifanyi haya kwa ajili ya bendi. Nimemwoa binti wa Mzee miaka saba sasa, na kwa miaka saba hajaniita mwanangu hata mara moja. Huniita fundi. Fundi, nipishe. Fundi, chumvi. Baba yangu alifariki kabla sijajua kufunga kamba za viatu, kwa hiyo neno hilo sijawahi kulisikia kutoka kwa mwanamume. Nikimwokoa Jumamosi atalisema. Nina hakika.

Jioni tulikula kwa wakwe. Nikakaa kwenye kiti changu cha siku zote, karibu na birika, kushoto kwa Mzee. Nikamweleza mpango wote tangu alfa mpaka omega. Akatikisa kichwa kila nilipopumua. Nilipomaliza akaniomba chumvi. Amekubali!

Mke wangu anashauri nimuulize Mama yake kwanza. Mama mkwe ni fundi cherehani. Ataniambia nini kuhusu sauti?


Jumanne, 4 Juni

Vyombo vimepatikana. Rafiki yangu wa duka la mitambo ameniazima seti nzima, kwa sharti kwamba nimtengenezee amplifaya yake iliyokufa. Nimemwambia nusu saa.

Kitu chenyewe ni rahisi. Kisanduku kimoja kinakaa kwangu kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Kisanduku kingine kidogo kinaning'inia kwenye mkanda wa suruali ya Mzee. Sauti inaruka hewani, inaingia kiunoni, inapanda kwa waya mgongoni mpaka masikioni. Nilimvalisha sebuleni. Alikaa kwenye kochi wima kabisa, mikono magotini, kama anayepimwa suti. Nilipitisha waya ndani ya shati nikagundua mabega yake yamekonda. Sijui niandike nini hapa.

Kisha nikapanga. Gitaa sikio la kushoto, bendi sikio la kulia. Nikampigia rekodi ya mazoezi, nikamuuliza kama gitaa analisikia vizuri kushoto.

Akasema safi sana.

Mama mkwe alikuwa anapinda suruali ya mteja. Akaniangalia juu ya miwani, akasema nimuulize tena. Nikamweleza kwa upole kwamba stereo ni somo refu. Akarudi kwenye sindano yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wakati mwingine kimya ni kikohozi tu.


Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Aibu. Aibu ya kuogea.

Wimbo wa kwanza Mzee alikwenda na bendi vizuri, lakini alilishambulia gitaa kama analidai. Akaongeza sauti ya amplifaya. Akaongeza tena. Kwenye wimbo wa pili uzi wa kwanza ukakatika na kumchapa mpiga besi shingoni. Nikamuuliza kwa maiki kama gitaa lake halisikiki. Akasema linasikika safi sana.

Hapo Mpiga kinanda akasimama, akashuka, akaja mpaka kwenye mikisa akitembea polepole ili wote wamwone. Akasema nimepanga sauti kwa macho yangu mimi niliyekaa ukumbini. Kutoka hapa Mzee yuko kushoto na bendi iko kulia. Lakini Mzee ametuelekea sisi! Kwake yeye bendi iko kushoto. Macho yanamwona mpiga drams huku, masikio yanamsikia kule.

Ni kweli. Miaka kumi na mitano kwenye kazi hii! Na kuambiwa na nani? Nikamjibu kwamba nilikuwa nafanya jaribio.

Nikageuza. Gitaa kulia, bendi kushoto. Jamani! Mzee alipiga kama mtu anayemsimulia mjukuu hadithi. Hakukaza mkono hata kidogo. Alifumba macho. Kiongozi akaacha kuimba asikilize. Tatizo ni moja tu, kwamba wimbo ulipokwisha yeye aliendelea. Akaendelea kwa upole kabisa mpaka Kiongozi akamgusa bega.

Nimepima kisikilizi cha kushoto kwenye sikio langu mwenyewe. Kizima. Nimebadilisha betri. Nimebadilisha waya. Nimepima tena. Kizima! Kwa hiyo ni hujuma. Mpiga kinanda anatuchezea mawimbi kwa simu yake. Nimemwambia mke wangu, amesema niache kutafuta mchawi nikamuulize Mama. Watu wengine hawashauriki. Sikio la kufa halisikii dawa.


Alhamisi, 6 Juni

Nimemtegea Mpiga kinanda. Nimebandika uzi mwekundu kwenye kifuniko cha sanduku la visikilizi. Atakayefungua atakata uzi. Saa nne nimekuta uzi umekatika! Nimefurahi mpaka nilipokumbuka kwamba saa tatu nilifungua mwenyewe.

Mpango wa pili umefaulu, huu ni wa kujipendekeza kwa Mama mkwe. Kila tunapopiga, yeye huja na kiti chake cha plastiki, anakiweka chini ya jukwaa upande wa Mzee, kwenye kona kabisa, kulia kwake. Anakaa hapo na chupa ya soda na kazi ya kushona. Mama mzima, fundi cherehani wa miaka arobaini, kwenye sherehe ya mafundi cherehani, akae kwenye kona kama mlinzi wa baiskeli? Nimewaona wenye shughuli. Wamemwandalia nafasi meza ya wageni rasmi, upande wa pili wa ukumbi, kiti cha mito, kitambaa cheupe.

Akasema anashukuru lakini kona yake inamtosha. Nikasisitiza. Akasema tena. Nikamwambia heshima ya mkwe haikataliwi. Akamwangalia Mzee. Mzee akaangalia dirishani.

Wamefurahi sana, wamekosa maneno.


Ijumaa, 7 Juni

Mimi ni fundi! Na liandikwe.

Leo tumefanya mazoezi ukumbini kwenyewe. Nilikuwa nimewaza usiku kucha nikagundua shida ya Mzee ni upweke. Ndiyo. Ukiziba masikio mawili, watu wote wanaondoka. Unabaki na gitaa kama mfungwa. Dawa yake ni maiki mbili za ukumbi, moja kila pembe ya jukwaa, zimletee makofi na pumzi za watu. Ya kulia kwenye sikio la kulia, ya kushoto kwenye la kushoto. Nikazifunga.

Mama mkwe kikohozi kimepungua. Alikuja na kiti chake cha plastiki, akakaa kona yake kwa mara ya mwisho.

Mzee hakukosea. Nyimbo saba! Aliingia penye kuingia, akatoka penye kutoka. Kiongozi akapiga makofi. Mpiga kinanda akajifanya anafuta vumbi kwenye kinanda.

Kasoro ndogo tu. Nilipovaa hedifoni nisikilize anachosikia Mzee, upande wa kulia kulikuwa na kelele. Ti, ti, ti. Kama chuma kwenye kioo. Fundi wa kweli halali na kelele kwenye waya. Nikabadilisha kebo. Ti, ti. Nikabadilisha maiki. Ti, ti. Jambo la ajabu, ikawa inakwenda na mdundo kabisa, halafu bendi ikinyamaza nayo inanyamaza. Sijawahi kuona waya mbovu wenye adabu namna hiyo.

Mzee akaja kwenye mikisa, jambo asilolifanya kamwe. Akasema sauti ya leo ni nzuri kuliko zote, nisiguse kitu. Nikamwambia kuna kelele kulia. Akauliza kelele gani. Nikamwambia ti, ti, ti. Akasimama kidogo, akasema yeye haisikii. Akamtazama Mama. Mama alikuwa anatafuta kitu sakafuni.

Maskini, hataki kunisumbua. Alipoondoka nimeizima kabisa maiki ya kulia. Kimya safi! Nimempigia mke wangu kumpa habari njema. Ameuliza kama nimemuuliza Mama.

Mara ya tatu wiki hii. Wanawake wa nyumba hii!


Jumamosi, 8 Juni

Naandika haraka, kabla sijasahau.

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Mafundi cherehani mia tatu, hakuna nguo hata moja inayopwaya. Mama mkwe kwenye kiti cha mito, kitambaa cheupe, uso umekakamaa. Shemeji mwenye gitaa jekundu alikaa mstari wa pili. Shati limepigwa pasi kweli.

Wimbo wa kwanza huanzwa na gitaa, wengine wanalifuata, kwa hiyo ulikwenda. Wa pili huanzwa na drams. Mzee alikosa kuingia. Akasubiri. Akaingia akiwa amechelewa, akakimbiza, akapita, akapunguza. Watu waliokuwa wanacheza wakaanza kukanyagana. Kiongozi akamtupia jicho, kisha akanitupia mimi. Nikapandisha bendi kwenye sikio la kushoto. Nikapandisha mpaka mwisho. Mtu mwingine angelia kwa maumivu. Mzee hata hakupepesa.

Halafu nikamwona anageuza kichwa. Anaangalia chini, kulia kwake, kwenye kona. Pale pasipo na kiti. Nimemwona Mzee kwa miaka saba na sijawahi kumwona anaogopa. Leo nimemwona.

Mama mkwe akainuka. Mbele ya wageni rasmi! Akachukua chupa yake ya soda, akavuta kiti cha plastiki kutoka ukutani, akakikokota katikati ya ukumbi, kwenye wachezaji, bila kumwomba mtu njia. Akakisimika kwenye kona yake. Kisha akaja kwangu. Kidoleni alikuwa amevaa kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ya mafundi ya kusukumia sindano.

Akainama sikioni mwangu.

"Baba, nisikilize vizuri. Sikio la kushoto la mume wangu lilikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Ile kelele uliyoizima jana ni mimi."

Akarudi akakaa. Akaigonga chupa kwa kastabini. Ti, ti, ti.

Nilikuwa na wimbo mmoja wa kutengeneza yote. Si nusu saa. Dakika nne! Nikawasha maiki ya kulia. Nikahamisha bendi yote kulia. Gitaa likakaa kulia vilevile. Kushoto nikaacha bure, kama chumba cha mgeni asiyekuja. Stereo yangu yote, hesabu zangu zote, nikazirundika kwenye sikio moja, na juu yake nikaweka ti, ti, ti ya Mama.

Niliona mabega yakishuka. Yale mabega yaliyokonda. Akafumba macho, akaingia penye kuingia.

Walicheza mpaka wageni rasmi wakavua makoti. Mama akakohoa katikati ya wimbo wa tano na Mzee akatabasamu, nikajua kikohozi nacho kimefika. Nikaona aibu kwa kila nilichoandika humu tangu Jumatatu. Na nimelia kidogo, nikasingizia moshi. Hakukuwa na moshi.

Kiongozi amesema hakuna tena habari ya ngao. Amesema stereo ni kitu kikubwa mno. Mpiga kinanda ameniomba na yeye nimfungie. Nimemwambia nitaangalia ratiba.


Jumapili, 9 Juni

Nimekuwa mdogo kama punje. Afadhali niandike.

Mke wangu alijua. Aliapishwa na baba yake, asingeweza kusema, lakini aliniambia mara tatu nimuulize Mama. Nikabisha. Akaniambia nisome shajara yangu. Nimesoma. Mara tatu. Kweli. (Amejuaje kwamba nina shajara?)

Mzee amesimama mahali palepale tangu bendi inaanza. Bendi kushoto kwake. Sikio lilipokufa hakuweza kuhama, wangeuliza kwa nini. Kwa hiyo Mama akaleta kiti, akakaa upande wa sikio zima, akampigia mdundo. Miaka kumi na miwili. Harusi za watu wote hao, na mimi nilidhani anapenda soda. Jumapili mbili alizokohoa nyumbani ndizo Mzee alizopotea.

Kisha nikakumbuka kiti changu karibu na birika. Kushoto. Miaka saba kushoto! Nikamuuliza mke wangu kwa woga kuhusu siku niliyoomba kumwoa. Nilikaa palepale. Nilizungumza kwa muda mrefu, nilijiandaa wiki nzima, nilisema mambo kuhusu baba yangu ambayo sijawahi kuyasema tena. Mzee alitikisa kichwa.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema siku ile baba yake alimfuata Mama jikoni, akauliza yule fundi kasema nini. Mama akamwambia, amesema hana baba na atamtunza binti yetu. Mzee akasema basi, mwambie ndiyo.

Sikucheka. Baadaye nilicheka.

Leo mchana nilikwenda. Niliingia nikaelekea kwenye birika kwa mazoea. Mzee akanishika mkono. Akanizungusha nyuma ya kiti chake mpaka upande wa pili, akavuta kiti.

"Kaa huku, mwanangu. Huko ulikokuwa hakuna mtu."

Alinieleza jinsi ya kufunga uzi wa gitaa usikatike. Najua kufunga nyuzi tangu nikiwa kijana. Nikamwomba arudie.


Jumatano, 12 Juni

Siku ya heri! Wazo kubwa kuliko yote!

Mama mkwe hawezi kugonga chupa milele. Mikono inachoka, kikohozi kinarudi. Nimebuni kastabini ya umeme. Kidude kidogo, kinagonga chenyewe, ti, ti, ti, moja kwa moja kwenye sikio la Mzee. Mama atakaa nyumbani apumzike. Nimechora kurasa nne. Kuna taa ya kijani. Mke wangu amesema nimuulize Mama. Nitamuulizaje, na ni zawadi ya kumshtukiza?

Jioni nikampelekea Mzee michoro. Nilihitaji meza, kwa hiyo nilikaa karibu na birika ambako kuna nafasi ya kutandaza karatasi. Nikamweleza kila kitu. Akawa ananitazama midomo, anatabasamu, anatikisa kichwa. Nilikuwa sijawahi kumwona ana furaha hivyo. Mara mbili tatu akapigapiga kile kiti cha kulia kwake kwa kiganja. Nikaona kina vumbi, nikazunguka nikampangusia, nikarudi kwenye michoro yangu.

Amekubali. Nimemwambia Jumamosi kitakuwa tayari.